Nilimvua Mama Mkwe Kilemba Mbele ya Wateja

"Toa kilemba! Toa, tuone unachoficha!"

Huyo aliyekuwa anapiga kelele ni mimi, wapendwa. Na niliyemshika kichwani ni mama mzazi wa mume wangu, ndani ya saluni yangu, wateja wawili wamekaa chini ya draya wametoa macho!

Nikavuta.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe kabla hamjanitukana.

Mimi ni msusi. Mchana nasuka, jioni naenda darasani, maana shule nimeirudia ukubwani. Na kusali nasali. Asubuhi nasali, mchana nasali kati ya kichwa na kichwa.

Mama mkwe alikuja kutusalimu. Siku zikapita, haagi. Kilemba havui hata akilala. Asubuhi hakubali nimtandikie kitanda.

Nikaomba: "Baba, kama kuna jambo limejificha nyumbani mwangu, lifichue."

Jioni ileile, mimi na fundi wa kucha wa pale saluni kwangu tukakaa kuangalia tamthilia yetu ya majini na wachawi. Mmeiona ile sehemu? Bibi anaokota nywele za mkwewe kwenye chanuo, anazifunga kwenye kitambaa, anazificha chini ya godoro... na mkwe anaanza kukauka kama kuni! Nilipiga yowe mpaka rimoti ikaanguka.

"Shosti," fundi wa kucha akaninong'oneza, "wa kwako naye havui kilemba, eh?"

"Ishia hapo!"

"Mi sijasema kitu. Ila tumbo linakusokota tangu lini?"

Tangu alipofika! Sikukumbuka kwamba ndiyo wiki tuliyotangaziwa mitihani. Nikajua sala yangu imejibiwa.

Kesho yake, mama akiwa bafuni, nikaingia chumbani kwake. Nikainua godoro.

Kitambaa! Kimefungwa fundo, na kwenye fundo zimechomoza nywele...

Sikukifungua. Nani aguse uchawi? Nikakibana kwa koleo la jikoni, nikakimbilia saluni, chumba cha mbele cha nyumba yetu, huku nakemea kwa sauti.

Mama akanifuata, kilemba amekifunga harakaharaka, shingoni bado ana povu.

"Mwanangu, nirudishie. Nakuomba, hapa kuna watu."

"Ndiyo, kuna watu! Wakuone! Nywele zangu ulikuwa unazipeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipovuta.

Ndugu zangu... kichwa kile. Mabaka matupu, na vinywele vichache vimebaki kama nyasi za kiangazi. Akajifunika kwa viganja. Viganja havikutosha.

Fundi wa kucha alikuwa ameshafungua kitambaa.

"Shosti..." Akanisogezea. "Hizi nyeupe."

Nyeupe! Zangu ni nyeusi tii. Tena zimeng'oka na mizizi yake, hazikutoka kwenye chanuo la mtu. Mimi msusi! Nashinda na nywele, nalala nikinuka mafuta ya nywele, na sikuzitazama. Mwalimu wa jioni alituambia wiki ileile: chunguza kwanza, ndipo uhitimishe. Niliandika. Nikapigia na mstari.

"Ni dawa za hospitali," mama akasema, macho sakafuni. "Mumeo anajua. Nilimkataza asikwambie, una mitihani. Nywele zinadondoka kwenye mto, nikawa nazificha usizikute ukitandika."

Nikamrudishia kilemba.

"Nilitaka nikuombe uninyoe, mwanangu. Nilikuwa nasubiri siku ambayo saluni haina watu."

Wateja wakatoka bila kuaga. Mmoja hakungoja hata nywele zikauke. Fundi wa kucha akajifanya ana safari.

Nikafunga mlango, nikapiga magoti miguuni pake. Mimi ninayesali kutwa, siku hiyo sikujua nianzie wapi.

"Inuka," akasema. "Mashine hainyoi yenyewe."

Nilimnyoa polepole. Machozi yangu yakawa yanamdondokea utosini, naye anayapangusa kama jasho. Nilipomaliza, akajitazama kwenye kioo.

"Jioni uwashe hiyo tamthilia yenu. Nimwone huyo mchawi mwenzangu."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Wapendwa, ukimwomba Mungu jambo, usiende kutafuta jibu kwenye televisheni. Na ukiwa na swali juu ya mama yako, muulize mama yako.

Nilimwomba afichue kilichojificha nyumbani mwangu. Amekifichua, mbele ya wateja.

Kumbe ni mimi.