Padi Isiyogawiwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai kufurika jikoni. Wakhungu alikimbia kuzima moto, akafuta jiko, na aliporudi sebuleni kompyuta ilikuwa imemaliza kupakua toleo jipya la Kisima.

Mchezo haukuwa wake. Ulikuwa wa mkewe, Jelagat, aliyefanya kazi ya maabara Kitale na kuja Bungoma kila Ijumaa na kompyuta hiyo mgongoni. Kisima kilitengenezwa na ndugu wawili wa nchi ya mbali, wasio na kampuni wala huruma. Mchezaji hushuka kisimani na taa. Akikosea hatua moja hufa, na akifa huanza tena juu kabisa. Mlango wa saba ulimshinda Jelagat miaka mitatu. Wakhungu, ambaye hufundisha takwimu chuoni, alikuwa na kazi moja tu: kukaa kando yake na kuhesabu vifo.

"Nihesabie, profesa," Jelagat alikuwa akimwambia. "Si ndiyo kazi ulisomea?"

Walifika 1,904, kisha Jelagat akaugua. Hospitalini aliuliza karibu kila siku kama toleo jipya limetoka, na Wakhungu akaahidi kwamba likitoka atalifungua hata kama mkewe hajapata nafuu. Lilitoka miezi mitano baada ya mazishi.

Kati ya mambo mengi, toleo hilo lilikuwa limeongeza orodha ya vifo: tarehe, saa, na hatua ambapo mchezaji alianguka. Wakhungu alisoma jumla, 1,904, akafunga kompyuta na kunywa chai iliyobaki.

Kesho yake jioni ilikuwa 1,911.

Alidhani ni hitilafu. Siku iliyofuata ilikuwa 1,918, na orodha ilionyesha kwamba vifo vyote saba vilitokea baada ya saa kumi alasiri, wakati yeye yuko darasani na nyumba imefungwa. Aliitoa betri padi, kile kidude ambacho Jelagat alikishika kwa mikono miwili akicheza, akaenda na betri hiyo kazini mfukoni. Aliporudi ilikuwa 1,925.

Siku ya nne aliahirisha somo la mwisho. Mvua ilikuwa inashuka kutoka Mlima Elgon. Alipokuwa mlangoni, ufunguo mkononi, alisikia vitufe vikibonyezwa ndani, haraka haraka, kisha kimya, kisha haraka tena. Alifungua, na kabla macho hayajazoea giza la mvua alipigwa na harufu ya mkaa wa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao Jelagat, kibuyu ambacho hakikuwamo tena humo kwani kiligawiwa pamoja na nguo za marehemu, na juu ya kiti cha Jelagat akaiona padi, vitufe vyake vikididimia na kuinuka bila kidole chochote juu yake, huku kwenye kioo cha kompyuta taa ndogo ikishuka ngazi baada ya ngazi hadi mlango wa saba, ikasita kidogo kama alivyozoea kusita yeye, ikaanguka.

Sauti ikatoka kitini, ya chini, ya mtu asiyetaka kuamsha majirani.

"Nihesabie."

Wakhungu aliketi mahali pake. "Moja," alisema.

Walipofika saba padi ilinyamaza na harufu ikaondoka. Usiku huo alilala hadi alfajiri, jambo ambalo hakuwa amelipata tangu Machi, mwezi wa mazishi.

Jumamosi aliisoma orodha kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi anayemshuku. Vifo saba vya kila siku vilikuwa nakala ya vifo saba vya mwisho vya Jelagat: hatua ile ile, sekunde ile ile, mpangilio ule ule. Kila mwaka huwafundisha vijana kwamba mtu hakosei kwa namna moja mara mbili. Mkono wa mtu una tofauti zake. Hiki kilichokuwa kitini hakikuwa na mkono. Kilikuwa kimekariri makosa ya mkewe.

Alilijua hilo. Jumatatu saa kumi alikuwa nyumbani, ameketi mahali pake.

Ilikuwa hivyo kwa wiki mbili, hadi shangazi yake, Senge Rispah, alipokuja kumtembelea na kuku. Alisimama mlangoni, akanusa ile harufu ya mkaa, akakataa kuketi. Aliuliza jambo moja: siku ya kugawa vitu, mbele ya jamaa wote, alipomuuliza kama kuna kitu cha marehemu kilichobaki ndani ya nyumba, Wakhungu alijibu nini?

Alijibu kwamba hakuna. Kompyuta aligawiwa yeye, kwa haki. Lakini padi aliificha ndani ya droo, chini ya karatasi za mitihani, kwa sababu alijua mdogo wake Jelagat, Jepkemboi, angeiomba. Dada hao wawili walicheza pamoja tangu utoto.

Senge hakumgombeza. Alirudi kesho yake na mzee Jairus wa kanisa la Friends, mtu mrefu aliyestaafu ukarani wa reli. Waliketi watatu bila kusema neno, kama desturi ya mzee huyo kabla ya maombi. Saa kumi vitufe vilianza. Senge alifunika mdomo kwa leso. Jairus alisikiliza vifo vyote saba, na sauti iliyoomba kuhesabiwa, kisha akamgeukia Wakhungu.

"Mwalimu, hiyo sauti unaijua?"

"Ni ya bibi yangu."

"Sauti ni yake. Mwenye kuitumia ni mwingine."

Senge aliongea kwa kunong'ona, macho yake kwenye kiti. "Kitu ya marehemu isipogawiwa haina mwenyewe, baba. Na kitu haina mwenyewe, yeyote anachukua. Hii ni jini ilikuwa inapita tu. Wewe ndiye uliiwekea kiti."

Wakhungu aliuliza kama inaumiza mtu. Aliyejibu ni mzee.

"Inakufa mara saba mbele yako kila siku," alisema. "Siku moja itachoka kufa peke yake."

Dawa yake, alieleza, haikuwa kelele wala maji. Padi ipewe aliyestahili kuipata, mkono kwa mkono, kwa jina lake, mbele ya mashahidi. Ikipata mwenyewe, jini litakosa mahali pa kukaa. Basi Wakhungu alimpigia simu Jepkemboi huko Kwanza, karibu na Kitale. Msichana alicheka huku analia.

"Shemeji, nilijua tu iko. Niliogopa kukuuliza." Angefika kesho saa tano.

Wazee walipoondoka alikaa gizani. Hakukuwa na harufu wala sauti. Alisikia jokofu la jirani likinguruma kupitia ukutani, na pikipiki moja barabarani, na baada ya hapo hakuna kitu, na akaelewa kwamba huku ndiko kupona walikokuwa wakimletea, jioni baada ya jioni ya namna hii, hadi atakapozeeka.

Asubuhi, saa mbili, alikuwa mteja wa kwanza dukani kwa Gicheru karibu na stesheni. Alinunua padi nyeusi ya aina ile ile. Alirudi, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kuilaza ile ya Jelagat juu ya paja, kisha akaanza kuisugua mpya kwenye saruji, polepole, pale ambapo vidole gumba vya mkewe vilikuwa vimekula rangi, hadi yeye mwenyewe alipolazimika kutazama mara mbili kujua ipi ni ipi. Aliifunga mpya kwa karatasi safi, akaandika juu yake jina la Jepkemboi. Ile nyingine aliirudisha chini ya mitihani, akageuza ufunguo wa droo, akaenda kunawa mikono kabla wageni hawajafika.