Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Jirani yangu tunayemwita Kibrashi si mtu wa maneno mengi, na hadithi za kutisha huwa anazicheka mpaka anakera. Ndiyo maana aliponisimulia haya, akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili na chai imeshapoa, nilimwamini. Nitayasema kama alivyoyasema yeye.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Yalikuwa yanafunguliwa maonyesho ya kumkumbuka mwalimu wake, mzee aliyechora nyuso za watu wa mkoa wao kwa miaka arobaini, akafa bila picha yake hata moja kutundikwa mahali pa heshima. Ukumbi wa maktaba ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, viti vimepangwa, na mgeni rasmi alitarajiwa saa kumi. Kibrashi, mwanafunzi wa mwisho wa mzee, ndiye aliyepewa kazi ya kuzitengeneza picha: azifute vumbi, azibadilishie fremu, aguse palipobanduka rangi. Alikuwa na furaha, na hakuificha. Alikuwa anamlipia mwalimu wake fadhila.

Picha zilikuwa saba, zote za watu, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, hapakuwa na rangi. Pamebaki kitambaa kitupu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kibrashi akazilaumu fremu za zamani kwamba zimesugua rangi mpaka ikatoka.

"Mafundi wa zamani bwana," alijisemea, "wanapigilia fremu utadhani wanapigilia banda la mbuzi!"

Hakuwa na namna ya kujua zaidi ya hapo. Mzee alikuwa na tabia ya kuwatoa nje wanafunzi wake kila alipofika mwisho wa picha, na hakuna aliyewahi kumwona akiweka mkono wa mwisho. Basi Kibrashi akachanganya rangi, akaziba. Alianza na picha ambayo mzee alijichora mwenyewe. Zikafuata tano za watu waliokwisha kufa zamani. Ya saba aliiacha mpaka asubuhi ile ya ufunguzi, kwa sababu aliipenda kuliko zote na alitaka kuifanya bila haraka. Ilikuwa picha ya mama yake mzazi, ameketi nyuma ya cherehani, mdomo umebana pini mbili. Katika wale saba, mama ndiye pekee aliyekuwa bado hai.

Saa tatu kasoro alimaliza. Ukitazama, huwezi kujua kama pale paliwahi kuwa na tundu.

Saa tisa alasiri simu ikaita. Mama.

"Wewe, umenifungia?"

"Nikufungie nini, mama? Mlango nimeuacha wazi, wewe mwenyewe ulisema unataka upepo."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya na swali lake, "Kwani mlango uko upande gani?"

Kibrashi alicheka. Mama yake alikuwa mtu wa utani. Alisubiri na yeye acheke, lakini upande wa pili alisikia tu kiganja kikipapasa ukuta. Kikapapasa, kikasimama, kikapapasa tena.

Alimpigia msusi wanayepakana naye, akamwomba achungulie. Msusi hakukata simu. Alikwenda nayo mkononi, ndala zikisikika uani.

"Mlango uko wazi," alisema. "Mama yako namwona. Amesimama hapa hapa, mbele yangu."

"Mwambie atoke."

"Nimemwambia." Sauti ya msusi ikashuka. "Kibrashi, mama yako anapapasa hewa. Mikono yake inapita hapa mlangoni kama kuna ukuta. Hanioni. Ananitazama usoni na hanioni."

"Mshike mkono umtoe."

Ndala zikakwaruza sakafu. Halafu mama yake akapiga yowe ambalo Kibrashi hakuwahi kulisikia, hata siku ya msiba wa baba.

"Mkono umegoma," msusi alisema, sasa akilia. "Umekuja mpaka kizingitini ukagota. Nimevuta. Vidole vimepondeka, Kibrashi, vimepondeka kwenye kitu ambacho hakipo."

Kibrashi alikamata mkoba wake. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za maktaba simu ilipoita tena. Mama.

"Mwanangu." Alikuwa anahema. "Hata dirisha silioni. Na hewa ya humu inakwisha. Halafu..." Akameza mate. "Halafu humu kunanuka rangi."

Kibrashi akasimama. Aligeuka, akarudi ukumbini taratibu, hadi mbele ya picha ya saba. Mama yake wa pale ukutani alikuwa vilevile, nyuma ya cherehani, na pini zake mbili. Kila kitu kilikuwa vilevile. Lakini alipomtazama sana usoni aliona mwanamke anayejizuia kupumua.

Nyuma yake kiti kililia. Alikuwa mjane wa mzee.

Bibi yule alikuwa amekuja tangu asubuhi, kabla ya wafagiaji. Aliweka kiti chake mbele ya picha ya mumewe akakaa, mikono mapajani, akitabasamu. Wote walisema maskini, anaomboleza. Sasa hakuwa akitabasamu.

"Mama yako ana nini?" aliuliza.

Kibrashi alimweleza. Alisema ovyo ovyo, maneno yakigongana. Bibi alisikiliza bila kushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Kibrashi baridi.

"Ile ya mama yako umeiziba lini?"

"Leo. Saa tatu." Kisha akashtuka. "Bibi, umejuaje kwamba nimeziba?"

Bibi aliinua macho kwenye picha ya mumewe. Kwenye simu, ambayo Kibrashi alikuwa bado ameishika, mama alikuwa anakohoa. Kikohozi kifupi. Kikavu.

"Bibi, kama unajua kitu nisaidie. Nakupigia magoti."

"Nikikusaidia, ya kwangu hutaigusa?"

"Ya kwako ipi?"

"Apa."

"Naapa!"

"Siyo hivyo. Apa kwa uhai wa mama yako. Kwamba ya mume wangu hutaigusa, wala hutamwambia mtu aiguse."

Mama alikohoa tena. Kibrashi akaapa. Aliapa kwa uhai wa mama yake, kwa sauti, bila kuelewa anaapia nini. Angeapa chochote.

Bibi akamvuta karibu, akamnong'oneza.

"Mume wangu alikuwa akimchora mtu akafanana mno, anamwachia mlango. Mdogo tu, pale chini kulia. Alisema ukimziba mtu pande zote, hana pa kutokea. Ule haukuwa uharibifu, mjukuu wangu. Nenda kaufungue."

Wageni walikuwa wameanza kuingia. Kibrashi alitoa wembe kwenye mkoba wa kazi. Aliishusha picha, akailaza sakafuni, akapiga magoti juu yake. Simu aliiweka pembeni, sauti juu.

Akakwangua.

Rangi ilikuwa imekauka kuliko ilivyopaswa. Ilikuwa ngumu. Wembe ukateleza, ukamkata kidole. Akakwangua.

"Wewe!" Katibu wa kamati alikuwa anakuja mbio. "Unafanya nini na picha ya marehemu? Mgeni rasmi yuko njiani!"

Simuni mama alikuwa haongei tena. Alikuwa anavuta pumzi, anangoja, anavuta nyingine. Kati ya pumzi na pumzi, nafasi ilikuwa inarefuka.

Akakwangua.

Katibu alimshika bega. Kibrashi aligeuka na wembe mkononi, na sijui katibu aliona nini machoni pake, lakini aliachia.

Pumzi moja. Kimya. Kimya.

Akakwangua mpaka uzi mmoja wa kitambaa ukaonekana. Wa pili. Kisha kipande chote kikabanduka, na kutoka pale ukatoka upepo. Mdogo, wa moto, wenye harufu ya mafuta ya cherehani. Ulimpiga usoni akafumba macho.

Simuni msusi alipiga kelele. "Ametoka! Kibrashi, ameniangukia! Ametoka!"

Kibrashi alilia pale pale sakafuni, mbele ya watu wenye suti. Maonyesho yalifunguliwa saa kumi na nusu. Mgeni rasmi alimsifu mzee kwa maneno mazuri, na magazeti yakaandika kwamba mwanafunzi wa marehemu alizidiwa na majonzi. Ile picha ya saba ilirudishwa ukutani na tundu lake.

Jioni alimkuta mama ameketi uani, vidole vitatu vimefungwa kitambaa. Hakutaka kuingia ndani, wakakaa wote hapo hapo. Kibrashi akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," mama alisema. "Ila yule mwingine mmemtoa?"

"Mwingine yupi?"

"Wa chumba cha pili. Nilipokuwa mle, nilisikia mtu anagonga ukuta kwa ngumi. Hana papara, anagonga kama mtu aliyeshagonga siku nyingi. Nikamwita. Akanyamaza, halafu akauliza kama Kibrashi yuko karibu."

Kibrashi alihesabu kichwani. Picha ya mzee ndiyo ya kwanza aliyoiziba. Siku tisa.

Asubuhi alikwenda ukumbini akazikwangua zile picha tano nyingine, kisha akaenda kwa bibi. Alimkuta amekwisha kuichukua picha ya mumewe kutoka ukumbini, ameitundika chumbani mwake, mkabala na kitanda. Bibi alimpokea vizuri, akamkalisha.

"Nilikuona siku ulipoiziba," alimwambia. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kukuzuia. Lakini yule mzee, mjukuu wangu, miaka arobaini nimekula peke yangu. Leo yuko kijiji hiki anachora, kesho yuko kule. Hata siku anakufa alikuwa anatafuta viatu. Sasa amekaa."

"Bibi, anagonga."

"Najua. Namsikia." Akamshika Kibrashi mkono, kwa upole kabisa. "Uliapa kwa nani?"

Kibrashi aliondoka bila kuitazama picha. Alimpenda mwalimu wake kama baba, na anasema hakuna siku iliyowahi kumtia aibu kama ile.

Hayo yana mwaka sasa. Mama yake yuko salama, anakula vizuri, anashona, isipokuwa wakati mwingine husimamisha cherehani ghafla, akainamisha kichwa kusikiliza. Kibrashi akimwuliza, anasema hakuna kitu.

Lakini miezi mitatu baada ya maonyesho, mtunza maktaba alimwita Kibrashi. Ukutani, palipokuwa pametundikwa ile picha ya mzee, plasta ilikuwa imetoboka. Tundu dogo, ukubwa wa ukucha, usawa wa kona ya chini ya picha, mkono wa kulia. Sakafuni palikuwa na unga mweupe. Mtunza maktaba alidhani ni wadudu.

Kibrashi alisubiri mpaka ameachwa peke yake, akaingiza kidole. Kingo za tundu zilikuwa zimekwanguliwa kutoka ndani kuja nje. Zilikuwa na unyevu. Alipokinusa baadaye, kidole chake kilinuka tapentaini ya kuyeyushia rangi, na kabla hajakitoa vizuri, kitu cha moto kilikuwa kimekigusa, polepole, kama kipofu anayemtambua mtu.

Alikumbuka alivyoapa kwa uhai wa mama yake. Akachukua plasta, akaziba.

Ameshaziba mara nne.