Kesi Haipelekwi Bungeni

Kila asubuhi Mumbere alifungua duka lake la jumla hapa mtaani Bel-Air, akapanga magunia ya maharagwe, akataniana na wateja. Ungemwona, usingedhani ana shida. Lakini mke wake Kasoki hakuwa na usingizi wala hamu ya chakula. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba lupango wao, kiwanja walichoishi miaka kumi na moja, ni mali ya mtu aitwaye Ruphin, aliyeonyesha karatasi ya kukinunua.

"Usiogope," Mumbere alimwambia. "Honorable Alexis ni mutoto ya kwetu. Tulimupigia kura siye bote. Noeli ikipita, atatoka Kinshasa, atavunja hii jugement ya mahakama."

Mbuzi wa kumkaribishia mbunge alikuwa amekwisha kufungwa uani. Alikuwa ananenepa kuliko mwenye nyumba.

Siku moja jirani yao, Mama Adolphine, alikuja kununua maharagwe. Mama huyo alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini. Kasoki alishindwa kuvumilia, akamweleza yote. Adolphine akaweka kikapu chini.

"Karatasi ya hukumu mulipata siku gani?"

"Tarehe makumi mbili na tano ya mwezi wa kumi na moja."

"Na leo ni kumi na nane ya mwezi wa kumi na mbili! Appel, ile rufaa, iko na siku makumi tatu tu. Noeli ikifika, mulango umefungwa. Munangoja nini?"

"Tunangoja Honorable," Mumbere akajibu akicheka. "Yeye njo anatunga sheria. Atashindwa na juge?"

"Anatunga sheria, ndiyo," Adolphine akasema. "Bunge inapitisha budget ya Serikali. Inaita ba ministre, inabauliza, inaweza hata kubaangusha. Ni nguvu kubwa. Lakini Constitution, ile katiba, article mia moja makumi tano na moja, inaikataza kukata kesi. Haiwezi kubadilisha hukumu. Haiwezi kuzuia bantu baifuate. Hata bakitunga sheria juu ya kumaliza kesi yako tu, hiyo sheria ni bule."

Mumbere alikasirika. "Sasa kura tulimupigia ya nini?"

"Juu ya sheria ya bantu bote, papa. Hapana juu ya lupango ya muntu moja."

Mumbere aliona haya, kwa maana siku ishirini na tatu alikuwa amezikalia tu. Kasoki alifunga kitambaa kichwani, akamwita mumewe kwa jina la binti yao.

"Papa Abigaëlle, weye ngoja. Miye ninaenda kutafuta avocat."

Mumbere akafunga duka, akamfuata kwa wakili.

Kesho yake rufaa yao iliandikwa katika Mahakama ya Rufaa. Mumbere alimpigia simu kaka yake mkubwa wa Butembo. Huyo ndiye anayetunza karatasi zote za jamaa, kama ilivyo desturi yao, na kwa uvivu, katika kesi ya kwanza, Mumbere hakuwa amemwomba karatasi ya kununulia kiwanja. Safari hii karatasi ilikuja kwa ndege.

Mbunge alifika mwezi wa kwanza, akala mbuzi. Mumbere hakumwomba avunje hukumu. Alimwuliza: "Honorable, juu ya nini lupango moja inauzishwa kwa bantu babili?"

"Hiyo njo kazi yangu," mbunge akasema. Alimwandikia waziri wa ardhi swali, akadai ajibu mbele ya Bunge.

Mwezi wa sita majaji wa rufaa walisoma karatasi ya Butembo. Ilikuwa ya zamani kuliko ya Ruphin. Kiwanja kikarudi kwa Mumbere. Kasoki alilia kwa furaha palepale.

Nje ya mahakama Ruphin alitikisa simu yake. "Niko na ndugu sénateur! Leo-leo atavunja hii jugement!"

Mumbere alimtazama kwa hofu Adolphine, aliyekuja kuwasindikiza.

"Sénat nayo ni nyumba ya pili ya Bunge," Adolphine akamwambia taratibu. "Article ni ileile."

Wiki zikapita. Hakuna aliyekuja kuwatoa.

"Mama," Mumbere alimwambia mke wake, "nilikasirika juu Honorable hakuweza kuvunja hukumu. Kama angeweza, ule sénateur ya Ruphin naye angeweza. Leo tungelala wapi?"