Filamu Aliyoitafsiri Kamala

Wewe umewahi kumsikia marehemu akitafsiri filamu kwenye runinga iliyozimika? Basi muulize rafiki yangu Lameki wa Kahororo, mwenye digrii na asiye na kazi.

Rafiki yake Kamala ndiye aliyeiingizia sauti ya Kiswahili filamu waliyoipenda kuliko zote, ya askari aliyerudi kwenye kinamasi kumbeba mwenzake. Mwishoni alikuwa akiongezea yake: "Jamani, mwenzako haachwi!" Alipofariki, mama yake kule Rubya, Muleba, aliomba kitu kimoja tu: aisikie sauti ya mwanawe siku ya kumbukumbu.

Lameki akaenda studio, Bukoba mjini, akawekewa filamu kwenye flashi. Mchana wa siku ya kumbukumbu, yeye na mama wakaiwasha sebuleni kule Rubya, mvua ikipiga bati, wakasikia sauti ya bosi wa studio. Kamala alikuwa amefutwa. Lameki akapiga simu.

"Bro, business is business," bosi akacheka. "Maiti hafanyi promo."

"Mshenzi wewe! Kamala alikuita kaka!" Lameki akafoka.

Hapo umeme ukakatika. Sebule ikawa giza, maana migomba imeziba madirisha. Runinga ikazimika, lakini sauti ikaendelea, taratibu, na ilikuwa ya Kamala: "Jamani, mwenzako haachwi. Mimi mbona mmeniacha?"

"Mwana wange," mama akaitika kwa Kihaya, yaani mwanangu.

Lameki akachomoa flashi. Sauti haikukoma.

Wenye studio, irudisheni sauti ya Kamala kwenye filamu yake, tena leo hii, maana mama yake bado ameketi mbele ya runinga ile nyeusi, anaongea, na anajibiwa.