Pumzi ya Tikhon

Barafu ilikuwa imeshika ndani ya kitanda cha mtoto, na jiko la bwenini linawaka hadi bati limeiva. Agniya akaifuta kwa kiganja. Ikarudi. Halafu akasikia fsss, kama hewa inayovuja kwenye tundu la sindano, ikaja harufu ya mpira ulioungua, na midomo ya Tikhon, mwanawe wa miezi mitano, ikageuka bluu.

Akamkimbiza kwa Bibi Lukerya, mfagizi wa kiwanda cha ndege, aliyetibu watu kwa siri kwa kuwa Chama cha Kikomunisti hakitaki habari za majini.

"Umemkaribisha nani?" bibi akanong'ona.

"Jini wa nyumba tu, bibi! Wa kwetu tulimwacha Moscow kiwanda kilipohamishwa, Wajerumani wako mlangoni, nani angekumbuka? Hapa bwenini hamna mlinzi, mtoto halali... Nikaburuta buti kuukuu la sufu, kama wazee wanavyomhamisha, nikasema, babu, panda, twende nyumbani."

"Ulisemea wapi?"

"Karakanani."

"Karibu na nini, mpumbavu wee?"

Agniya akainamisha uso. Karibu na chumba cha rubani cha ndege mpya, ya kuwinda Wajerumani kilomita kumi na tatu juu, ambako hakuna hewa ya kuvuta. Kazi yake ilikuwa kukiziba kwa mpira na gundi. Rubani wa kwanza alikata roho humo kwa kukosa hewa; kikaoshwa, kikafungwa kwenye ndege ya pili.

"Uliyempandisha hana nyumba," bibi akasema. "Anatafuta pumzi. Mrudishe humo humo. Ila akiiacha hii, atakamata nyingine."

"Rubani Rodion anapaa nacho saa sita!"

"Basi chagua."

Agniya akamwacha mtoto bwenini, akaliburuta lile buti juu ya theluji, jua kali, watu wanapita wanamcheka, nalo zito kama limejaa maji, na kila alipotaka kusimama amwonee huruma Rodion, mtoto wa mwenzake, alimwona wake, midomo ile, kifua kile kidogo kisichoinuka, akaenda, akapanda ngazi, akaliinamisha juu ya kiti, akanong'ona, babu, shuka, umefika.

Rodion akaja akitafuna mbegu za alizeti.

"Dada gundi! Umeziba vizuri, au nitalia kama birika?"

"Nimeziba, kaka."

"Mbona machozi? Nikirudi nakuoa."

"Nina mume. Yuko vitani."

"Basi nitakuwa mjomba wa mtoto."

Agniya akagonga muhuri wake kwenye karatasi ya ukaguzi. Rodion akafunga kioo, kisha akageuka ghafla kutazama nyuma ya kiti chake. Akakipiga kioo ngumi. Mdomo ulikwenda, ukaenda, na Agniya hakusikia neno, maana alikuwa ameziba vizuri. Ndege ikaondoka.

Bwenini Tikhon alikuwa mwekundu, anapiga kelele za njaa. Agniya akamfungulia kifua. Mngurumo wa ndege ukapanda juu, ukawa mwembamba, ukakatika. Wanawake wakatoka mbio.

Bibi Lukerya akasimama mlangoni. "Wanamtafuta aliyeziba chumba."

"Wangoje," Agniya akasema, akambadilisha titi. "Hajashiba."