Mwamba Usiotajwa

Maiti ilikuwa imefungwa kwenye boya.

Aliyeiona ni Garfield Pascoe, mvuvi wa kaa, Jumatatu asubuhi alipokwenda kuinua madema yake nje ya bandari ya Porthkellis. Kwanza alidhani sili, mnyama wa baharini, amenasa. Kisha akaona jaketi la kuokolea, na mkanda wa suruali uliopitishwa kwenye kamba ya boya na kukazwa.

Inspekta Wenna Kitto alifika gatini na kikombe cha chai ambacho hakukimaliza. Alikuwa karibu kustaafu, magoti yanamuuma, na alikuwa amechoka kuwaona watu aliowajua wakiwa wamelala chali na midomo wazi.

"Ni Denzil Rosevear," Pascoe alisema. "Huyu tunayemtafuta tangu jana. Sijamgusa. Nimekata kamba, nikamleta pamoja na boya lake."

"Umefanya vizuri."

"Nani amfunge mtu kwenye boya langu, Wenna? Mimi na Denzil tulinuniana, kweli, lakini si kufikia huko."

"Mlinuniana kwa nini?"

"Samaki. Kuna kingine hapa?"

Wenna alichuchumaa kwa taabu. Kifungo cha mkanda kilikuwa kifuani, upande ambao marehemu mwenyewe angeufikia. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa kung'ang'ania kamba. Hapakuwa na jeraha lingine.

"Hakufungwa," alisema. "Kajifunga mwenyewe. Alikuwa hai, na akili zake timamu."

Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Alikuwa Jory, mwana wa marehemu, mtu mzima mwenye ndevu. Jory ndiye nahodha wa boti ya uokoaji, kazi ya kujitolea ambayo babu yake pia aliifanya.

"Hai kwa muda gani?" Jory aliuliza.

"Daktari atatuambia."

"Nilikuwa usukanini, Wenna. Tumezunguka huko nje usiku mzima, ukungu mzito, tunamwita. Nimempitaje baba yangu? Niambie nimempitaje, maana kama ni mimi, siingii tena kwenye boti ile."

"Nitakuambia," Wenna alisema, na papo hapo akajuta. Ahadi ni deni, naye alikuwa na madeni ya kutosha.

Habari yenyewe, kama mji mzima ulivyoijua, ilikuwa fupi. Jumapili mchana marafiki watatu walitoka kuvua katika boti ndogo ya Hedley Nance, kama walivyofanya tangu ujana wao: Hedley, aliyekuwa na bucha kabla ya kustaafu, Clem Tregear, fundi wa mapaa, na Denzil. Jioni ukungu ukashuka. Hedley akapiga redio kuomba msaada: mtu ameanguka majini, tuko kwenye Mbelgiji. Mbelgiji ni meli iliyozama zamani, mbali upande wa magharibi, na ndani ya mbavu zake wanaishi mikunga, samaki warefu kama nyoka, wakubwa wenye meno. Boti ya uokoaji ikaenda huko. Ikawakuta Hedley na Clem wanalia. Denzil hakuonekana.

"Boya lako liko wapi hasa?" Wenna alimuuliza Pascoe.

Pascoe alinyoosha kidole. Palikuwa karibu, upande wa huku, hata nusu ya njia ya kwenda Mbelgiji hapajafika.

"Na maji ya jana jioni yalikuwa yanavuta wapi?"

"Yalikuwa yanapwa kwenda magharibi. Tena bamvua, maji makubwa, yanakimbia."

"Basi mtu akianguka kwenye Mbelgiji, anarudije mpaka hapa dhidi ya maji?"

Pascoe alikuna shingo. "Labda kwa teksi."

Hedley Nance alimpokea jikoni kwake. Mkewe aliweka pai ya nyama na viazi mezani, na hakuna aliyeigusa.

"Pole, Hedley."

"Asante, binti Arthur. Baba yako alikuwa mvuvi, wewe unajua bahari ilivyo."

"Mlikuwa wapi?"

"Mbelgiji. Nimeshasema mara ngapi?"

"Mkivua nini?"

"Mikunga."

"Mlitia nanga?"

"Mkunga utamvua bila nanga? Tulitia nanga."

"Chambo?"

"Vibua. Nusu kibua kwenye ndoana moja."

"Alianguka vipi?"

"Aliinuka kuchukua wavu wa mkono. Wimbi likapiga ubavuni. Akaenda." Hedley aliufunika uso kwa viganja vyake vikubwa vya uchinjaji. "Akaenda tu, Wenna."

Wenna alimhurumia, na huruma ile ilikuwa ya kweli. Lakini baba yake alikuwa amempeleka kuvua tangu akiwa mdogo, na lipo jambo moja ambalo kila mvuvi wa Porthkellis analijua kama anavyojua jina la mama yake: kwenye Mbelgiji watu huenda wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Katika bamvua mkondo unavuta kwa nguvu kiasi kwamba nanga haishiki na chambo hakifiki chini. Siku ya bamvua watu humwacha mkunga alale. Hutafuta mwamba, huzima mashine, huiacha boti ichukuliwe na maji juu yake, na kuvua besi, samaki wa rangi ya fedha anayependa maji yanayokimbia.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata mlangoni.

Alishuka bandarini, akaingia katika boti ya Hedley. Kamba ya nanga ilikuwa kavu, imekunjwa vizuri, na buibui alikuwa ameishi humo muda mrefu. Akainama, akanusa sakafu. Mkunga akipandishwa botini huacha ute wake kila mahali, unasuguliwa wiki nzima na bado unateleza. Hapa hapakuwa na ute. Palikuwa na magamba ya besi. Kifaa cha kuonyesha njia kilikuwa kimefutwa kumbukumbu zote. Katika rafadha inayosukuma boti, chini ya mashine, kulikuwa na mabaki ya mshipi wa nailoni yaliyokatwakatwa kwa kisu.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu baada ya chakula cha mchana.

"Hakuzama," alisema. "Maji kwenye mapafu ni kidogo sana. Baridi ndiyo iliyomuua."

"Polepole?"

"Polepole. Jaketi lilimweka juu. Aliishi kwa saa tatu hivi, pengine zaidi. Inspekta, mtu huyu angepatikana mapema, leo angekuwa kitandani akilalamikia chakula cha hospitali."

Wenna alikata simu, akakaa. Alitamani sana kesi hii iwe ya mtu mwingine. Watu wawili walikuwa wamedanganya mahali rafiki yao alipoangukia. Mtu hudanganya hivyo ili mwenzake asipatikane. Hiyo inaitwa mauaji, na watu wenyewe walimfungia zawadi za Krismasi alipokuwa mdogo.

Alimwita Clem Tregear kituoni.

Clem alikuwa mwembamba, na siku ile alionekana mwembamba zaidi. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kulikuwa na ugomvi botini?"

"Ugomvi? Sisi? Tuligombana nani kala pai ya nani. Tunagombania hilo tangu tukiwa vijana."

"Nani alimsukuma?"

"Hakuna aliyemsukuma! Wenna, kwa jina la Mungu!"

"Basi kwa nini mnasema Mbelgiji? Kamba ya nanga ina buibui, Clem. Magamba ni ya besi. Na jana ilikuwa bamvua."

Clem aliivaa kofia tena.

"Kifaa kimefutwa. Nani kafuta?"

"Hicho hufutwa kila safari. Sote tunafuta. Hata baba yako alikuwa anafuta, au alikuwa hanacho, sijui."

"Mlikuwa wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Tuliapa."

Wenna alimtazama mzee yule, rafiki yake amelala katika chumba cha baridi, naye anasema tuliapa. Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Lilikuwa jambo dogo mno. Katika pwani ile mtu anaweza kukuambia mshahara wake, ugonjwa wake na aliyelala na mkewe. Mahali anapovua samaki wake hakuambii. Ukimuuliza, anakudanganya bila kupepesa, wewe unajua anakudanganya, mnanunuliana bia.

"Clem," alisema taratibu. "Nani alishika redio?"

Machozi yalimtoka Clem kabla ya maneno. "Hedley. Mimi nilikuwa nyuma, nakata mshipi kwenye rafadha. Nikamsikia akisema Mbelgiji. Nikadhani nimesikia vibaya."

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kukata."

Hedley aliletwa jioni. Hakutaka wakili. Alikaa kama mtu aliyeteremsha mzigo na bado mgongo haujaamini.

"Clem amesema," Wenna alimwambia.

"Nilijua atasema. Clem hajui kutunza kitu."

"Anza mwanzo."

"Kuna mwamba," Hedley alisema. "Aliugundua Denzil, si mimi. Tuliapa tungali vijana: hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna ndugu. Besi wa pale, Wenna, hujawaona. Wanafika hapa." Alionyesha kutoka bega mpaka kiganja, na kwa nukta moja uso wake ukawaka. Kisha ukazima. "Alipoanguka tuliwasha mashine tumfuate. Mshipi ukajiviringisha kwenye rafadha, mashine ikafa. Maji yakatuchukua sisi. Tulimsikia anaita. Halafu ukungu ukammeza."

"Ukashika redio."

"Nikashika redio. Na redio ile kila mtu anasikiliza. Siku ile zilikuwepo boti za kukodisha za mjini, tatu au nne, zimejaa wageni. Nikitaja pale, kufikia Jumapili ijayo hakuna samaki."

"Kwa hiyo ukasema Mbelgiji."

"Mdomo ulisema! Mdomo umezoea, Wenna. Miaka yote mtu akiniuliza uko wapi, nasema Mbelgiji. Ulitoka wenyewe."

"Mara ya kwanza ulitoka wenyewe. Walinzi wa pwani walikuuliza tena, uthibitishe. Nimesikiliza kanda. Ulithibitisha."

Hedley alitazama meza.

"Nilipiga hesabu," alisema. "Maji yanavuta magharibi. Nikajiambia, atachukuliwa hukohuko, ataishia mbele ya boti ya uokoaji. Amevaa jaketi. Atapata mafua, tutamcheka mwezi mzima. Mashine ilipowaka, tukaenda Mbelgiji wenyewe."

"Ili mkutwe hapo."

"Ndiyo."

"Maji hayakumchukua, Hedley. Alishika boya la Pascoe, akajifunga kwa mkanda wake. Unajua kwa nini mtu hufanya hivyo?"

Hedley alijua. Kila mtu aliyekulia pale hufundishwa akiwa mtoto: ukianguka, kaa ulipoangukia. Wenzako wanajua ulipo. Watarudi.

Alitoa sauti ambayo Wenna hakupenda kuikumbuka baadaye.

"Alitungoja," Hedley alisema.

"Kwa saa tatu."

"Na yeye angesema Mbelgiji. Kama ningekuwa mimi majini, Denzil angesema Mbelgiji. Yeye ndiye aliyetuapisha."

"Huenda. Lakini redio ulishika wewe."

Alimsomea mashtaka: kuua bila kukusudia, na kutoa taarifa ya uongo kwa waokoaji. Hedley alitia sahihi bila kusoma. Kabla hajatolewa aligeuka mlangoni.

"Jory usimwambie mahali. Mwambie yote, lakini mahali..." Akaishia hapo. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Jory alikuwa katika banda la boti ya uokoaji, anaosha chumvi ubavuni mwa boti ambayo ilikuwa safi tayari. Wenna alikaa kwenye ngazi kwa sababu magoti yalikataa kusimama. Alimweleza kila kitu, bila kupamba. Alipomaliza alisema, "Hukukosea. Ulikwenda ulikoambiwa. Hakuna nahodha ambaye angefanya tofauti."

"Wapi?" Jory aliuliza.

Wenna alisita, kisha akamwonyesha mwamba, karibu na boya la Pascoe, kwenye ramani iliyobandikwa ukutani.

Jory aliisogelea. Aliweka kidole bandarini, akakivuta pole pole kuelekea Mbelgiji, njia waliyopita jioni ile. Kidole kilipita juu ya mwamba.

"Tulipita hapa," alisema. "Kwa kasi yote, mashine zote mbili. Baba aliijua sauti ya boti hii. Alitusikia tunakuja, Wenna. Halafu akatusikia tunakwenda."

"Jory..."

"Na alijua kwa nini. Sisi wengine tulikuwa gizani, yeye alijua palepale Hedley amesema nini."

Wenna alikuwa na maneno ya kazi, pole na mengineyo, akayaacha.

"Nilimuuliza, unajua," Jory alisema. Sasa alikuwa analia, analia waziwazi, hajifuti. "Tangu nikiwa mtoto. Baba, besi wale mnawatoa wapi? Mimi mwanao wa pekee, niambie. Juzi tu nilimuuliza, siku yake ya kuzaliwa. Akacheka, akanipiga begani. Akaniambia Mbelgiji."