Peoni ya Bibi na Mjozi wa Babu

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapita, Perrine Jallifier alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kumpelekea babu yake kahawa, na kumwagia peoni, ua lililokuwa chini ya dirisha la jikoni, maji yaliyooshewa saladi. Kazi ya tatu ilikuwa ya bibi yake, Léontine. Bibi alipofariki mwezi wa pili, hakuna aliyesema nani airithi. Perrine aliichukua tu, kama mtu anavyookota koti lililoanguka sakafuni.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakulia mazishini, na shangazi zake walinong'ona kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alikula alipopewa chakula, akaitika alipoitwa, akafanya hesabu zake bila kukosea. Yote hayo aliyaona kama yanamtokea mtu mwingine, ng'ambo ya kioo.

Katika bonde lao, wakulima wote waliishi kwa jozi, zile kokwa ngumu ambazo punje zake zimekunjamana kama ubongo. Mjozi mkubwa kuliko yote ulisimama uani kwa akina Perrine, hatua kumi na tano kutoka dirisha la jikoni. Baba mzazi wa Babu Anselme aliupanda mwaka aliozaliwa Babu mwenyewe. Kwa miaka arobaini na tisa ya ndoa, Babu na Bibi walibishana: kati ya mti ule na ua lile, kipi chenye maana?

"Ua lako linachanua siku kumi, basi, likizo mwaka mzima," Babu alikuwa akisema. "Mti wangu unatoa mafuta, keki na mbao. Tena unatupa kivuli bure."

"Kivuli!" Bibi alijibu. "Chini ya kivuli chako hata nyanya haioti. Mti wako una sumu, Anselme, umefanana na mwenyewe. Na ulikaa miaka kumi na tano bila kuzaa hata jozi moja ya kumpa panya. Peoni yangu haijaniangusha hata mwaka mmoja."

Hapo Babu alichukua kofia yake akatoka, maana ilikuwa kweli.

Siku za mwisho Bibi aliagiza jambo moja tu: asipelekewe kaburini maua ya dukani. "Ngojeni mwezi wa tano," alisema, "mniletee yangu."

Mwezi wa tano ukafika. Peoni ilitoa majani mazuri, mabichi, yanayong'aa. Haikutoa tumba hata moja.

Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, Babu alisukuma sahani yake kando. "Ni ule mti," alisema. "Mizizi yake imefika dirishani. Imeitia sumu peoni ya Léontine. Jumamosi Gaspard anakuja na msumeno wake wa mashine, tunaukata."

Coralie, mama yake Perrine, aliweka kijiko chini. "Baba, mti huo una umri wako."

"Basi umeishi vya kutosha."

"Na mavuno yake je?"

"Coralie, nimesema."

Perrine aliendelea kutafuna. Viazi havikuwa na ladha yoyote. Alijua kwamba si mti, na ndani ya nyumba ile ni yeye peke yake aliyejua.

Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka uliopita, wakati wa mavuno. Wakubwa wote walikuwa shambani, na Bibi alikuwa amelala ghorofani akiugua kifua. Perrine alikatazwa kabisa kugusa trekta dogo. Lakini tela lilikuwa limejaa jozi uani, naye alitaka warudi walikute limeshafika bandani, waseme huyu sasa amekua. Akaliwasha trekta, akarudi nyuma, tela likapinda upande asioutaka. Gurudumu likapanda kitalu cha Bibi na kukichimbua.

Majani ya peoni yalikuwa yameshakauka kwa msimu ule. Kilichoonekana ni udongo uliopasuka na mizizi minene kama mihogo midogo, imelala juu. Perrine alileta sepetu. Hakuwahi kupanda ua maishani mwake. Alichojua ni kupanda mche wa mjozi, kama watoto wote wa bonde lile: shimo refu hadi kiwiko, udongo juu, kisha unakanyaga kwa kisigino hadi ushike. Ndivyo alivyofanya. Akasawazisha kwa reki, akarudisha trekta mahali pake. Dirisha la juu lilikuwa wazi, na alimsikia Bibi akikohoa. Akasema moyoni, akipona nitamwambia.

Bibi hakupona.

Jumamosi, Gaspard jirani aliingia uani na msumeno begani. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi.

"Mzee Anselme! Kwa hiyo leo unamchinja pacha wako?"

"Fanya kazi, Gaspard."

"Nauliza tu. Ukishaanguka, wewe utabaki umeegemea nini? Mimi mgongo unaniuma, usinitegemee."

Babu hakucheka. Gaspard akatazama mti, akakohoa, akavuta kamba ya msumeno. Ukakoroma, ukazima. Alipoishika kamba mara ya pili, Perrine alikuwa amesimama kati yake na shina.

"Ondoka hapo, wewe mtoto!"

"Babu, si mti," Perrine alisema. Sauti yake ilitoka kavu, kama anasoma orodha ya vitu vya dukani. "Ni mimi. Niliendesha trekta wakati wa mavuno. Tela liliing'oa peoni, nikaipanda tena, sikumwambia mtu."

Gaspard aliweka msumeno chini taratibu. Babu alimgeukia mjukuu wake.

"Uliipanda kina gani?"

Perrine akagusa kiwiko chake.

"Ukakanyaga?"

"Kwa kisigino."

"Kama mche wa mjozi."

"Ndiyo, Babu."

Babu alikwenda hadi chini ya dirisha, akapiga magoti na kuanza kufukua kwa vidole. Alichimba hadi mkono ukapotea, akagusa pale machipukizi yalipoanzia. "Vidole viwili!" alisema bila kugeuka. "Miaka arobaini na tisa nimeimbiwa wimbo huo mmoja. Anselme, jicho la peoni, pale inapochipukia, linataka vidole viwili vya udongo, usizidishe, ukizidisha litatoa majani matupu. Nilidhani simsikilizi."

Kisha akainuka, akapangusa magoti.

"Nilitaka kukata kitu tu, Gaspard," alisema. "Nenda nyumbani. Nitakuita kwa kuni."

"Nilijua," Gaspard alisema, ingawa hakujua. Akabeba msumeno wake akaondoka.

Perrine alingoja makelele. Babu alikaa kwenye benchi na kumwonyesha nafasi pembeni yake.

"Sikiliza. La trekta ni kosa. Ungeniambia siku ile ningekufokea hadi kuku wakimbie, bibi yako angenicheka kutoka dirishani, na tungeipanda upya kwa nusu saa. Yangeishia hapo. Lakini ulinyamaza, na kila siku uliyonyamaza kosa lilizidi kukua. Leo lilikaribia kuuangusha mti wa miaka sabini na minne ambao haukukosea kitu. Ukificha kosa lako, atakuja kulilipa mwingine."

"Itachanua tena, Babu?"

"Mwezi wa tisa tutaihamisha, mimi na wewe, kwa vidole viwili. Itanuna. Peoni inanuna kuliko mjozi. Labda baada ya miaka miwili, labda mitatu."

"Na kaburini je?"

"Mwaka huu tutakwenda mikono mitupu na kumweleza kwa nini. Atatusema kwanza. Alikuwa hivyo."

Perrine alitaka kulia, akaona machozi bado hayaji. Akainuka. Mama yake alikuwa jikoni akiosha saladi, dirisha limefungwa, hajui lolote. Babu alifungua kinywa kumwambia aende akamweleze, lakini Perrine alikuwa ameshafika mlangoni.